Majani ya Kikuyu: Yatunzwe Malishoni, Yazuiwe Shambani

Mkulima wa skimu za nyanda za juu, kama Kinangop au Ol Kalou, hana haja ya kuyatafuta majani ya Kikuyu. Huyakuta yamekwisha kufika. Asili yao ni milima ya Afrika Mashariki, nayo husitawi zaidi kati ya futi 6,500 na 9,000 juu ya bahari, penye mvua ya kutosha na udongo wenye rutuba. Siku hizi yamepandwa hata mbele ya nyumba na katika viwanja vya michezo vya Australia na Afrika ya Kusini. Lakini serikali ya Marekani imeyaandika katika orodha ya magugu mabaya. Jambo hilo lisikushangaze: kwa ng'ombe ni chakula, kwa viazi ni adui.

Sababu ni namna yanavyotambaa. Mashina mengine hupita juu ya ardhi na mengine chini yake, na kila kifundo chaweza kutoa mizizi na chipukizi. Mbegu zimefichwa ndani ya majani, na ng'ombe akizila hutoka katika mavi zikiwa hai. Kwa hiyo samadi mbichi isitiwe katika shamba la mboga. Ilundikwe kwanza mpaka ioze vizuri.

Ukitaka malisho, kata vipande vyenye vifundo vitatu, uvipande wakati wa mvua, futi 3 kati ya kimoja na kingine, ncha zikibaki nje. (Mbele ya nyumba, futi 1 yafaa zaidi.) Ng'ombe wasiingie mpaka ardhi imefunikwa. Baadaye wayale mpaka yabaki inchi 2 hivi, kisha yapumzishwe wiki tatu au nne. Yakiachwa kurefuka hugeuka godoro la vijiti, na maziwa hupungua. Malisho yaliyochoka nayo yataka kulishwa: samadi, mbolea ya C.A.N. wakati wa mvua, au klova nyeupe ya Kenya, ambayo ni mwenyeji wa milima hii hii na hupatana nayo sana.

Katika shamba la viazi au pareto, mambo ni mengine. Usiyakatekate kwa jembe wakati wa mvua, maana kila kipande kitakuwa mche mpya. Ngoja kiangazi, Januari au Februari. Yang'oe kwa jembe la meno, kung'uta udongo, mizizi ielekee jua mpaka ikauke kabisa, kisha ikusanywe. Wiki chache baadaye rudi tena, kwa kuwa vipande vingine hubaki chini.

Majani haya hushika udongo vizuri katika njia ya maji ya mvua. Ukingoni mwa matuta usiyapande. Yatashuka kwenye mimea. Kati ya malisho na viazi chimba mfereji wenye kina cha futi 1, na usafishe kila mwezi. Yale uliyong'oa usiyatupe mpakani. Yatamea kwa jirani, na ugomvi utamea pamoja nayo.