Mishipa Inayolisha Jicho, na Maana ya Subira



Ndugu zangu katika imani, Suratul Mulk inatukumbusha kuwa Allah (s.w.t.) ndiye aliyetupa masikio, macho na nyoyo, na kwamba shukrani zetu ni chache. Kujua jicho linavyolishwa ni mlango mmoja wa shukrani hiyo.

Damu hupanda kutoka moyoni kwa ateri ya ndani ya shingo, ile ile ilishayo ubongo. Ndani ya fuvu, ateri hiyo hutoa tawi liitwalo ateri ya oftalmiki, linalofika jichoni likiwa pamoja na mshipa wa fahamu wa kuonea. Matawi yake makuu ni haya:

1. Ateri ya kati ya retina. Hupita ndani ya mshipa wa fahamu na kulisha tabaka za ndani za retina, pazia linalopokea mwanga.
2. Ateri za siliari za nyuma. Hulisha koroidi, na koroidi hulisha tabaka za nje za retina.
3. Ateri za siliari za mbele. Hupitia kwenye misuli ya jicho na kulisha sehemu za mbele.

Konea na lenzi hazina mshipa wa damu hata mmoja, ili mwanga upite safi. Subhanallah!

Ateri ya kati ya retina kwa kawaida haina mbadala. Ikiziba, jicho huingia giza ghafla bila maumivu, na retina huanza kufa ndani ya saa chache. Hata giza la dakika chache linaloondoka lenyewe ni onyo la kiharusi, kwani jicho na ubongo vinalishwa na ateri moja. Presha, kisukari na sigara huongeza hatari.

Sasa mfikirie mzee wa kisiwani Macaloe, Cabo Delgado. Haumwi, basi husema, "Nitasubiri kukuche." Hospitali ya mkoa iko Pemba, na kwanza kuna bahari ya kuvuka.

Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, aliyepoteza macho yake akasubiri ameahidiwa Pepo. Subira hiyo ni ya msiba uliokwisha kufika. Anayeweza kutibiwa ameamrishwa kutafuta tiba, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa.

Ukirudi nyumbani likizo, wahimize wazee wako wapime presha na sukari. Na jicho likizima ghafla, chombo kitafutwe saa ile ile.

Wallahu a'lam.