SOMO LETU: HESABU SI ORODHA YA MAJINA



Hapa Gihosha, anayetuandikia cheti cha mtoto ni karani wa komini. Anayeandika kesi yetu ya shamba ni karani wa mahakama. Wao wanashika majina yetu. Je, majina yao wenyewe yanashikwa na nani? Hilo ndilo somo la leo, nalo latuhusu sisi wa viwandani na wa mashamba ya chai.

Novemba 2016, watumishi wa serikali ya Burundi walipewa fomu ya kujaza kabila lao. Seneti ilieleza kwamba inataka kujua kama Katiba inafuatwa. Kweli, baada ya Mapatano ya Arusha ya 2000, Katiba iliweka kwamba kati ya mawaziri Wahutu wasizidi asilimia 60 na Watutsi wasizidi asilimia 40. Shabaha ilikuwa kila upande uondokewe na hofu. Katiba ya 2018 nayo iliipa Seneti muda wa miaka 5 ipime kama mgawanyo huo uendelee au uondolewe serikalini, bungeni na mahakamani.

Basi mbona wengi waliiogopa fomu ile? Kwa sababu nchi hii inazijua orodha. Mwaka 1972 watu waliitwa kwa orodha makazini na mashuleni, wakachukuliwa kwa malori, wasirudi. Kwa jirani zetu Rwanda, kabila liliandikwa katika kitambulisho tangu utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, kitambulisho hicho kiliamua nani afe. Karatasi hubaki, anayeishika hubadilika.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili. Hesabu husema: katika makarani 20, hawa ni 12 na wale ni 8. Hiyo yatosha kupima Katiba. Orodha husema jina, kabila, mtaa na namba ya simu. Haiongezi haki yoyote, ila inaonyesha mtu analala wapi. Karani aliyeandika hukumu isiyompendeza mkubwa fulani hapaswi kufuatwa nyumbani kwake.

Fomu ikija kazini, mjumbe wetu aulize kwa niaba ya wote, mtu asiachwe peke yake:

1. Nani anaiomba, na kwa sheria gani?
2. Ikiwa ni hesabu tu, jina ni la nini?
3. Itafungiwa wapi, nani ataisoma, itaharibiwa lini?

Kuuliza hivi si uasi. Kenya mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022 zilitunga sheria za kulinda habari za mtu binafsi.

Leo karani, kesho mvuna chai. Fomu ni ile ile.

Swali la kujadiliana: Kazini kwetu, daftari la majina linakaa wapi, na ufunguo anao nani?