Jua Unachokata: Matumizi Salama ya Mashine Ndogo ya Leza

Mashine za kukata na kuchora kwa mwali wa leza zilikuwa vifaa vya karakana kubwa za mijini. Leo zipo ndogo zinazotosha juu ya meza, na mtu mwenye kompyuta na umeme wa uhakika anaweza kuandika jina kwenye kishikio cha funguo au kukata herufi za kibao cha duka. Mji wa Mikumi umekaa kando ya barabara kuu iendayo Iringa, na wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hupenda kuondoka na kitu kidogo cha ukumbusho. Si ajabu basi fundi wa Masanze, au wa kata nyingine yoyote ya Wilaya ya Kilosa, akatamani kununua mashine hiyo, aianze kama burudani na baadaye imletee riziki.

Hatuandiki somo hili ili kumkatisha tamaa. Tunataka ashike jambo moja kabla ya kuwasha mashine: hatari kubwa hutokana na kitu kinachowekwa chini ya mwali. Msumeno hukata mbao na kuacha vumbi la mbao ile ile. Leza haifanyi hivyo. Huunguza kitu na kukigeuza moshi na gesi, na gesi hiyo huenda ikawa sumu hata kama kitu chenyewe kilikuwa hakina madhara kabla ya kuungua. Kwa hiyo swali la kwanza si "Je, mashine itakikata?" bali "Kikiungua, kitatoa nini?"

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili msomaji ataweza kutofautisha aina mbili za mashine zinazouzwa kwa wingi, kupanga vifaa katika makundi matatu, kutayarisha mahali pa kazi, na kujua la kufanya iwapo ajali itatokea.

1. IFAHAMU MASHINE YAKO

Aina ya kwanza ni mashine ya daiodi. Hutoa mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 450. Ndiyo yenye bei nafuu, na mara nyingi huuzwa ikiwa fremu iliyo wazi, bila boksi la kuifunika. Aina ya pili hutumia bomba la kioo lenye gesi ya kaboni dioksidi, na mwali wake wa nanomita 10,600 hauonekani kwa macho.

Zote mbili huumiza macho, kila moja kwa njia yake. Mwanga wa buluu hupita kwenye mboni, na lenzi ya jicho huukusanya juu ya retina, ambako unaweza kuchoma doa lisilopona kabla mtu hajapepesa. Mwali wa kaboni dioksidi huishia juu ya jicho na kuunguza konea. Si lazima mwali ukupige moja kwa moja. Ule unaorudishwa na bati au chuma kinachong'aa unatosha kudhuru.

Miwani ya kinga huchaguliwa kwa namba ya wimbi iliyoandikwa juu yake, nayo lazima ilingane na ya mashine. Miwani iliyotengenezwa kwa nanomita 450 isichukuliwe kuwa kinga ya nanomita 10,600. Miwani ya jua si kinga kabisa. Vivyo hivyo kwa kifuniko: plastiki angavu ya akriliki huzuia mwali wa kaboni dioksidi, lakini mwanga wa buluu huipita kama unavyopita dirishani. Kifuniko cha mashine ya daiodi kiwe kile cha rangi maalumu, aghalabu ya chungwa, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Ndani ya mashine ya kaboni dioksidi mna umeme wa maelfu ya volti. Usiifungue ikiwa kwenye umeme, na usiitumie katika nyumba isiyo na waya wa ethi. Bomba lake hupozwa kwa maji. Hakikisha maji yanazunguka kabla ya kuanza, na upumzishe mashine maji yakipata joto, hasa katika miezi ya jua kali.

2. MAKUNDI MATATU YA VIFAA

Kundi la kwanza: vinavyokatwa kwa uangalifu wa kawaida. Humu mna mbao kavu isiyotiwa dawa, plaiwudi nyembamba, karatasi, kadibodi, kitambaa cha pamba tupu, kifuu cha nazi, na ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti. "Uangalifu wa kawaida" haimaanishi kutojali. Karatasi na kadibodi hushika moto upesi kuliko vitu vingine vyote, na moshi wa mbao una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi.

Kundi la pili: vinavyokatwa na mtu anayevielewa, penye feni nzuri ya kuvuta moshi. Akriliki hukatika vizuri kwa mashine ya kaboni dioksidi, lakini mvuke wake huwaka, na moto wake hutoa moshi mchache hata ukachelewa kuuona. Akriliki angavu haikatwi na mashine ya daiodi, kwa kuwa mwanga wa buluu huipita na kuunguza kilichopo chini yake. Mbao za MDF hushikanishwa kwa gundi ambayo ikiungua hutoa formaldehidi. Mninga, mvule na mpingo ni mbao nzuri, ila vumbi lake hujulikana kuwasha pua, ngozi na kifua cha baadhi ya mafundi. Asiyezizoea aanze na kipande kidogo. Kitambaa chenye poliesta huyeyuka na kuwaka. Vyuma ving'aavyo hurudisha mwali.

Kundi la tatu: visivyokatwa kabisa. La kwanza hapa ni PVC, nayo imejaa majumbani mwetu: mabomba ya maji, dari za plastiki, mabango ya matangazo, mazulia ya plastiki, stika nyingi za ukutani, na ngozi bandia ya makochi. Ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloraidi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu hugeuka asidi. Asidi hiyo hiyo hula vyuma na vioo vya mashine. Hakuna kasi wala nguvu ya mwali inayoifanya PVC iwe salama.

Pamoja nayo tunaweka plastiki ngumu ya ABS inayotengenezewa maboksi ya redio na runinga, kwani huyeyuka na kutoa gesi zenye sianidi, povu jeupe la kufungashia vyombo, ambalo hulipuka moto, polikaboneti, faiba, na vitu vilivyopakwa utando wa sufuria zisizoshika chakula. Usikate ngozi iliyolainishwa kwa kromiamu. Usikate pia mbao iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, wala mabaki ya nguzo za umeme, maana baadhi ya dawa hizo zina arseniki na kromiamu.

3. KIPANDE USICHOKIJUA

Anayeanza kazi hutafuta malighafi ya bure. Mabaki ya dari na mabango yaliyoshushwa hayana bei, nayo huonekana safi. Hapo ndipo hatari inapoingilia.

Tuchukue mfano. Mama mwenye mgahawa anamletea fundi kipande cheupe kilichobaki alipoweka dari, amchongee kibao. Fundi anamwamkia, anakipokea, anakigeuza, haoni maandishi.

"Mwanangu, si plastiki tu hii? Nikatie."

"Mama, dari nyingi za namna hii ni PVC. Nikiikata tutaivuta kifuani, mimi na wewe na hawa watoto. Nitakuwekea plaiwudi, gharama ya plaiwudi tugawane."

Fundi huyu amepoteza pesa kidogo na amefanya sahihi. Kanuni yake iwe yako: kisichojulikana kihesabiwe kuwa kundi la tatu.

Lipo jaribio la zamani la kutambua klorini ndani ya plastiki. Lifanyike nje, na mtu mzima, upepo ukienda mbali naye. Chukua waya wa shaba, umenye ganda lote, kwa sababu ganda lenyewe aghalabu ni PVC na litakudanganya. Ushike kwa koleo, uupashe kwenye mwali wa jiko la gesi hadi uwe mwekundu na mwali usiwe na rangi ya kijani. Ugusishe kwenye plastiki ili ushike chembe ndogo tu, kisha uurudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, plastiki hiyo ina klorini; iweke kando. Usipogeuka, umejua jambo moja tu, kwamba klorini haikuonekana. ABS haitoi rangi hiyo, na bado haifai. Jaribio hili ni la kukataa kipande, si la kukipitisha.

4. MAHALI PA KAZI

Mashine isiwekwe chumba cha kulala, wala karibu na chandarua, pazia au godoro, wala chini ya paa la nyasi au makuti. Iweke juu ya bati, vigae au sakafu ya saruji. Moshi uvutwe kwa feni na kupelekwa nje kwa bomba, mahali ambapo hapana dirisha la jirani wala uwanja wa watoto. Kufungua dirisha peke yake hakutoshi. Barakoa ya kitambaa, au ile ya vumbi, haizuii gesi. Mwenye pumu, mjamzito na watoto wakae mbali wakati wote wa kazi.

Usiiache mashine ikikata, hata kwa kupokea simu uani. Ukihitaji kuondoka, isimamishe kwanza. Moto mwingi wa mashine hizi huanza kama kiali kidogo ambacho mtu aliye karibu angekizima kwa sekunde chache. Safisha mabaki chini ya meza ya kukatia kila siku, kwani ndiyo yanayolisha moto. Kazi ikiisha, iache feni iendelee kwa dakika chache kabla ya kufungua kifuniko, kisha hakikisha hakuna kaa linalofuka.

Umeme ukikatika, feni na pampu ya maji husimama. Zima swichi na uchomoe plagi papo hapo. Ukirudi, usiendelee mpaka uone feni inavuta na maji yanazunguka.

Weka karibu na mlango mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya mchanga. Mtungi wa kaboni dioksidi hauachi uchafu. Wa poda huzima pia, ingawa poda huharibu mashine. Lakini mashine hununuliwa tena. Usimwage maji kabla ya kukata umeme.

5. KABLA YA KULIPA

Muulize muuzaji nguvu ya mwanga unaotoka, si ya umeme unaoingia. Kuna mashine za daiodi zilizotangazwa kwa wati 40 huku mwanga wake ukiwa wati 5 hivi. Mnunuzi aliyedanganyika hivyo hulazimisha mashine ipite mahali pamoja mara nyingi, na kwa kufanya hivyo huunguza zaidi kuliko kukata.

Dai maelekezo ya matumizi kwa lugha unayoielewa, swichi ya dharura, kifuniko, na miwani yenye namba ya wimbi. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki na uitunze. Ukiona umepotoshwa kuhusu bidhaa, Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji. Kuhusu ubora wa bidhaa, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lina ofisi mikoani na huwashauri wenye karakana ndogo. Ukimwajiri mtu, kumbuka kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka ulinde afya yake.

6. AJALI IKITOKEA

Moto: kata umeme, zima ukiwa umeipa mlango mgongo, na moto ukikushinda toka na watu wote. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kijijini gari huhitaji muda kufika, kwa hiyo usisubiri moto ukue ndipo upige.

Moshi wa sumu: mtoe mgonjwa nje kwenye hewa safi na umpeleke kituo cha afya, hata kama kikohozi kimetulia, maana madhara ya mapafu yanaweza kuchelewa. Chukua kipande kilichokatwa umwonyeshe mganga.

Jicho: mtu akiona doa jeusi, ukungu au mwanga usiokwisha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usitie kitu chochote jichoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kipande cha ngozi ya kochi hakina lebo. Utakikata?
2. Jaribio la waya wa shaba halikutoa kijani. Je, plastiki hiyo ni salama?
3. Umeme umekatika katikati ya kazi na mteja ana haraka. Ufanye nini kwanza?

Majibu: (1) Hapana, huenda ni PVC, na kama ni ngozi halisi huenda ina kromiamu. (2) Si lazima. Jaribio huonyesha klorini peke yake. (3) Zima swichi na uchomoe plagi, mteja atasubiri.