Kazi za Sindano Katika Jamaa

Juu ya mji wa Baraka, katika nchi ya Fizi, milima huinuka toka ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mtu akipanda huacha joto la ziwa nyuma yake, akaingia katika baridi, na ukungu, na malisho ya ng'ombe. Huko ndiko Bibokoboko. Siku ikiwa safi, ziwa huonekana chini kama sahani ya bati, na rasi ya Ubwari imelala ndani yake.

Nchi hii si mbali na ikweta, kwa hiyo siku zake hazirefuki sana wala hazifupiki sana. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Basi mwenye kazi ya sindano hana budi kuichukua mapema, wakati wa saa tisa au saa kumi, akiisha kutoka shambani au masomoni. Hukaa mlangoni, mgongo ukielekea ukuta, mwanga ukiangukia kitambaa. Taa ya mafuta huumiza macho, na moshi wake huchafua nguo nyeupe. Nguo iliyoshonwa usiku hujulikana asubuhi!

Kazi ya kwanza ya sindano si kupamba. Ni kutengeneza. Kifungo cha shati kimeanguka. Pindo la sketi ya bluu ya shule limefumuka. Suruali ya mtoto imetoboka magotini. Mama mwenye busara huanza na hayo. Kiraka kizuri hukatwa kikubwa kuliko tundu, kingo zake hukunjwa kwa ndani, na nyuzi zake hufuata njia moja na nyuzi za nguo. Kikibandikwa upande, kitavutana na nguo wakati wa kufuliwa, na tundu litarudi kubwa kuliko la kwanza. Msichana akiweza kushona kiraka kisichoonekana kwa hatua tano, amekwisha jifunza nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni mapambo, na katika mapambo mishono ya msalaba hupendwa sana, kwa sababu haihitaji kujua kuchora. Yahitaji kujua kuhesabu tu.

Watu wengine hudhani ya kuwa kupamba kitambaa kwa sindano kuliletwa Afrika na Wazungu. Sivyo. Katika Kasai, Kongo hii hii, Wakuba wana vitambaa vyao vya nyuzi za mti wa rafia. Wanaume hufuma kitambaa, na wanawake hukipamba kwa sindano. Hupitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa, kisha huukata mfupi juu, bila kufunga fundo hata moja. Kitambaa kimebana hata uzi hautoki. Ukikigusa ni laini kama mahameli. Kitambaa kimoja chaweza kuchukua miezi mingi. Na katika pwani ya Bahari ya Hindi, kule Lamu na Unguja, kofia nyeupe za wanaume hushonwa kwa mkono, vitundu vidogo vidogo vimepangwa kwa hesabu, na mnunuzi hupima ubora wa kofia kwa wingi na usawa wa vitundu hivyo.

Lakini mishono ya msalaba yenyewe, pamoja na vitambaa vya meza na foronya zenye maneno, ilienea huku hasa wakati wa Wabelgiji. Masista waliifundisha katika misioni. Mijini zilikuwako nyumba zilizoitwa foyers sociaux, ambamo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kupiga pasi. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kaskazini mwa ziwa, ilikuwa na nyumba ya namna hiyo kutoka 1946 mpaka 1960. Yafaa kusemwa wazi: siku zile msichana alipewa sindano, na kaka yake alipewa kitabu. Hilo halikuwa jambo la haki. Kosa halikuwa la sindano, bali la waliodhani kwamba mkono ushikao sindano hauwezi kushika kalamu. Siku hizi msichana hutumia vyote viwili, na daftari lake la hesabu ndilo linalomsaidia katika kushona, kama itakavyoonekana. Wala sindano si ya wanawake peke yao. Sokoni, wengi wanaokanyaga mashini ya kushona ni wanaume.

Msalaba mmoja una mishono miwili: wa kwanza hulala toka pembe ya chini kushoto mpaka pembe ya juu kulia, na wa pili huukata juu yake. Ni hayo tu. Lakini iko sheria moja isiyovunjwa: katika kitambaa chote, mishono ya chini ielekee upande mmoja, na ya juu upande wa pili. Uzi hung'aa kwa njia ya mwanga. Misalaba ikigeuzwa huku na huku, ua jekundu litaonekana lina madoa, na mtu hatajua kwa nini. Ndiyo maana mafundi huenda mstari mzima na mishono ya kwanza, nusu nusu, kisha hurudi mstari ule ule wakiifunika kwa mishono ya pili.

Uzi ukatwe urefu wa dhiraa moja, yaani toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Ukizidi hapo, hujisokota na kuota manyoya kwa kupita tunduni mara nyingi. Ukijisokota, sindano huachwa ining'inie, nao hujifungua wenyewe. Fundo halifungwi mwanzoni, maana huvimba chini ya kitambaa na pasi hulionyesha. Ncha ya uzi huachwa nyuma kidogo, na mishono ya kwanza huikanyaga.

Kitambaa nacho huchaguliwa. Kiko kitambaa cha Aida, kilichotolewa na kampuni ya Zweigart ya Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kimefumwa viraba viraba, na kila pembe ya kiraba ina kitundu cha sindano. Kile kinachotumika mara nyingi kina viraba 14 katika inchi moja, yaani karibu sentimita mbili na nusu. Lakini Aida ni ghali, na haipatikani kila soko. Gunia la katani linafaa, kwa sababu nyuzi zake zinakutana wazi na huhesabika. Hata gunia la plastiki la siku hizi hushonwa kwa uzi wa sufu, likawa zulia la kuweka chini ya kitanda. Kitambaa cha merikani kimebana sana kwa mwanafunzi. Afadhali akiache mpaka jicho lizoee.

Uzi unaojulikana zaidi ni wa DMC, kampuni ya Mulhouse katika Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1746, kwanza kwa kazi ya kuchapa rangi vitambaani. Fungu moja lina meta 8, na uzi wake ni nyuzi sita zilizokaa pamoja. Kwa Aida hii, nyuzi mbili zatosha. Basi fungu moja hutoa meta 24 za nyuzi mbili mbili. Msalaba mmoja hula karibu sentimita moja, mbele na nyuma. Ukitoa ncha zinazopotea, fungu moja hushona misalaba 2,000 hivi. Hesabu hii si mchezo: mafungu ya rangi moja yakinunuliwa siku mbalimbali, pengine hayafanani, kwa kuwa hayakutiwa rangi katika pipa moja. Mwenye akili hununua yote siku moja.

Sasa chukueni mfano wa mama mmoja wa milimani. Binti yake mkubwa anaolewa baada ya siku 60. Mama anamshonea kitambaa cha meza: maua katikati, na pindo jekundu kuzunguka pande nne. Maua yana misalaba 2,400. Pindo lina misalaba 1,800 kila upande, basi jumla ni 7,200. Kazi yote ni misalaba 9,600. Binti wa pili, mwanafunzi, ana kazi yake mwenyewe: foronya ya nyanya, yenye maneno «Usiku mwema». Yahitaji misalaba 1,200.

Msichana alipoianza foronya aliuliza:

— Mama, nianze pembeni?

— Hapana, mwanangu. Kunja kitambaa mara mbili, kama barua. Pale mikunjo inapokutana ndipo katikati. Anza hapo. Ukianza pembeni, herufi ya mwisho itakosa mahali.

Ndivyo ilivyo. Nyumba nyingi zina foronya iliyoandikwa «Usiku mwe», na «ma» imebanwa ukingoni kama abiria wa mwisho katika lori.

Msichana alichora herufi zake katika daftari la hesabu lenye viraba, kila kiraba ni msalaba mmoja. Kila viraba kumi alipiga mstari mzito. Na kila jioni alitia penseli juu ya vile alivyoshona. Kwa njia hiyo hakuna haja ya kuhesabu upya. Karatasi husema kazi ilipofika. Alishona misalaba 40 kila siku, akafika 700.

Mama naye alihesabu. Maua yote yamekwisha, 2,400. Pindo limeanza, 1,200. Basi 3,600 imeshonwa, na 6,000 inabaki. Katika siku 60, ukitoa Jumapili nane, siku za kazi ni 52. Mama huweza misalaba 80 kwa siku, maana ana shamba na kuni na maji. Mara 52, ni 4,160. Itapungua 1,840! Na siku ya harusi haingoji pindo.

Njia zilikuwako tatu. Ya kwanza, kushona usiku. Lakini hayo macho ni yale yale yatakayotumika kesho. Ya pili, kuondoa pindo na kuacha pembe nne tu. Yawezekana, lakini kitambaa kingeonekana kama nyumba isiyo na baraza. Ya tatu, kumpa msichana upande mmoja mzima wa pindo. Kwa misalaba 40 kila siku atafika 2,080, na upande mmoja hutaka 1,800 tu. Kwa mama zitabaki 4,200. Atakosa 40, ambayo ni kazi ya nusu ya siku.

Lakini ziko shida mbili. Mikono miwili haivuti uzi sawasawa. Msichana huvuta kwa nguvu, na misalaba yake hubana, mama hulegeza. Wakichanganya katika upande mmoja, kila mtu ataona. Kwa hiyo msichana alipewa upande wake peke yake, ule utakaoelekea ukuta. Shida ya pili ilikuwa foronya. Ingebaki na 500, na nyanya ni mzee. Msichana alisita. Akaenda kumwambia.

— Nyanya, foronya yako itangoja mpaka harusi ipite.

— Na ingoje, mjukuu wangu. Kichwa changu kimezoea foronya tupu. Dada yako haolewi mara mbili.

Basi foronya ilikunjwa, penseli ikaachwa kwenye kiraba cha 700, na daftari likawekwa pamoja nayo.

Kuweka daftari vizuri ni jambo kubwa, hasa milimani huku. Katika Oktoba 2021, Bibokoboko na vijiji vya kandokando vilishambuliwa. Nyumba zilichomwa, na watu wengi walikimbia; wengi walitelemkia Baraka. Mtu anayekimbia habebi meza. Hubeba mtoto, na sufuria, na mzigo wa kichwani, na mara nyingi mzigo wenyewe umefungwa katika kitambaa. Vitambaa vilivyoachwa huungua pamoja na nyumba. Anayejua hesabu ya ua lake kwa moyo aweza kulishona tena mahali popote, akipata sindano na kipande cha gunia.

Wanawake wa Palestina wanalijua jambo hili. Kwao mapambo ya gauni, ambayo mengi ni ya mishono ya msalaba, yalionyesha mtu ametoka upande gani wa nchi. Mwaka 1948 watu wengi sana walipoteza vijiji vyao. Wanawake waliendelea kushona maua yale yale katika makambi, wakawafundisha mabinti waliozaliwa huko. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Kitambaa kikiisha hufuliwa. Kwanza rangi hujaribiwa: kipande cha uzi mwekundu hulowekwa na kubanwa katika kitambaa cheupe. Kikiacha doa, uzi hufuliwa peke yake katika maji baridi mpaka maji yawe safi, kabla ya kushonea. Nguo hukaushwa kivulini. Hupigwa pasi kwa upande wa nyuma, juu ya taulo, ili misalaba isilale. Na pasi ya makaa hupulizwa nje, mbali na kitambaa. Cheche moja yatosha kuharibu kazi ya miezi miwili.

Maswali

1. Kwa nini mishono yote ya juu huelekea upande mmoja?
2. Pindo la mama linahitaji misalaba 6,000 zaidi. Ni mafungu mangapi ya uzi mwekundu? Kwa nini anunue yote siku moja?
3. Baada ya harusi msichana anarudi kwenye foronya. Akishona misalaba 40 kwa siku, bila kushona Jumapili, nyanya ataipata baada ya siku ngapi? Akianza Jumatatu, ataimaliza siku gani?