UZA MAPEMA, LINDA MAZIWA YA WATOTO
Somo la kujiandaa na ukame kwa familia za wafugaji

Somo hili lisomwe bomani, baba, mama na vijana wakiwepo, kwa sababu jambo lililomo humu haliamuliwi na mtu mmoja. Kama yupo mtoto wa shule, mpeni awasomee kwa sauti.

Swali letu ni hili: mvua zikikosekana, chakula cha familia kinapotea kwa njia gani, na tunaweza kuizuia njaa wapi kabla haijaingia ndani?

1. UKAME WA SASA SI KAMA ULE WA BABU

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika Somalia, kusini mwa Ethiopia, na kaskazini na mashariki mwa Kenya. Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.

Aprili 2023, kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Kenya, lilitoa ripoti juu ya ukame huo. Waliona mambo mawili. Kwanza, mvua za masika katika eneo hilo zinapungua. Pili, joto limeongezeka, nalo linanyonya maji ya udongo na majani haraka kuliko zamani. Walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukame wa namna hiyo takriban mara 100.

Maana yake kwa mfugaji ni hii: hata mvua ikinyesha kiasi kile kile alichokizoea babu, majani yatakauka mapema zaidi. Kwa hiyo muda wa kuamua umefupika.

2. NILIYOYAONA NYUMBANI

Mimi ni mtoto wa mfugaji. Mwaka 2009, ukame ulipoipiga Longido, Monduli na Ngorongoro, baba yangu alikuwa na ng'ombe 64. Mwezi wa saba mnunuzi alikuja bomani akitaka madume 8 wanono. Baba alikataa, akasema vuli iko karibu. Mwezi wa kumi na moja tulihesabu waliobaki: 11. Wale madume 8 hawakuwamo. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na miaka miwili, na miezi ile alikunywa chai ya rangi asubuhi na jioni.

Baba hakuwa mjinga. Alifuata hesabu aliyofundishwa na baba yake: ukiingia kwenye ukame na wengi, utatoka na wachache; ukiingia na wachache, utatoka mikono mitupu. Hesabu hiyo ina ukweli wake, na sikuombi uuze kundi. Ninachosema ni kwamba wale madume 8 hawakuwa wa kuzaa wala wa kukamuliwa. Walikula majani ya mitamba mpaka wote wakafa pamoja.

3. NJAA INAANZIA MNADANI

Sisi wafugaji hatuishi kwa maziwa na nyama tu. Tunanunua mahindi. Wakati wa ukame mambo mawili hutokea kwa pamoja: ng'ombe anakonda na kila mtu anauza, hivyo bei ya ng'ombe inaanguka, mashamba nayo hayakuzaa, hivyo bei ya mahindi inapanda.

Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka za mnada wako.

- Mwezi wa sita: dume mnono shilingi 900,000, gunia la mahindi shilingi 75,000. Dume mmoja ni magunia 12.
- Mwezi wa kumi: dume yule yule, amekonda, shilingi 200,000, gunia shilingi 120,000. Dume mmoja hafikii hata magunia 2.

Ng'ombe ni yule yule. Kilichopotea ni magunia 10, na kimepotea bila mwizi kuingia zizini.

4. WATAFITI WAMEONA NINI KWA WAFUGAJI WENZETU

Moyale, Ethiopia, 2006. Wakati wa ukame, wafanyabiashara walisaidiwa kufika kwa wafugaji na kununua ng'ombe wapatao 20,000 kabla hawajafa. Watafiti walipozifuatilia familia zilizouza, walikuta fedha hizo zilikuwa zaidi ya nusu ya kipato chao katika kipindi kile. Walinunua chakula. Sehemu nyingine kubwa ilirudi kwa mifugo iliyobaki: majani, dawa, na gari la kuhamishia mifugo. Waliouza wachache waliwalisha waliobaki.

Liben na Shinile, Mkoa wa Somali, Ethiopia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts pamoja na Save the Children walizungumza na akina mama juu ya watoto wao. Akina mama walieleza jambo tunalolijua sote: kiangazi mifugo ikihamishwa mbali, maziwa nayo yanahama, na watoto wadogo wanabaki nyumbani bila kitu. Ndipo wakajaribu njia nyingine. Mifugo michache ya maziwa ilibakizwa karibu na nyumbani, ikapewa chakula na matibabu. Watoto wa nyumba zile waliendelea kupata maziwa, na uzito wao haukushuka kama wa watoto wa kwingine.

Marsabit, Kenya, tangu 2010. Wafugaji walianza kukata bima ya mifugo inayotumia picha za setilaiti kuangalia ukijani wa malisho. Malisho yakikauka kupita kiwango, mfugaji analipwa. Baada ya ukame wa 2011, waliolipwa hawakulazimika kuuza mifugo kwa bei ya kutupa au kupunguza milo kama wale wasiokuwa na bima. Wakala wa bima akija kijijini kwako, muulize kwanza: malipo yanatoka lini, na kwa kipimo gani?

Shinyanga, hapa Tanzania. Wasukuma wana ngitili, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI ulioanza 1986 uliwasaidia wanavijiji kufufua ngitili, na baada ya chini ya miaka 20 zikafika zaidi ya hekta 300,000. Kwa Wamaasai jambo hili si geni. Alalili ni utaratibu wa wazee wetu. Limelegea tu.

5. FANYA HIVI

Hatua ya kwanza: andika. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwishoni mwa masika gawa kundi lako katika makundi matatu: wanaokamuliwa na wenye mimba, mitamba na madume ya mbegu, kisha maksai, madume wa ziada na majike wazee wasioshika mimba. Kundi la tatu ndilo la mnadani.

Hatua ya pili: tazama mwili, usitazame mawingu tu. Tunampima ng'ombe kwa alama 1 hadi 5. Alama 3 ni ng'ombe wa wastani, mbavu zimefunikwa na nyama. Alama 2, mbavu zinahesabika ukiwa umesimama mbali kidogo. Alama 1, uti wa mgongo na nyonga vimechomoza. Uza akiwa 3. Akifika 2, mnunuzi ameshaona. Sikiliza pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya masika na kabla ya vuli.

Hatua ya tatu: chagua ng'ombe wa watoto. Mama wa nyumba achague ng'ombe wawili au watatu, au mbuzi wa maziwa, watakaobaki nyumbani wengine wakihama. Yeye ndiye anayejua nani anatoa maziwa na mtoto yupi ananyonya.

Hatua ya nne: wawekee chakula. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Kwa siku 90 ni kilo 540. Ng'ombe watatu ni kilo 1,620. Wakipata nusu malishoni, wewe unatafuta kilo 810. Robota likiwa kilo 15, hayo ni marobota 54. Kwa kundi zima huwezi. Kwa watatu unaweza. Kata majani yanapoanza kutoa maua, yaanike, yafunge kwa kasha la mbao na kamba, yahifadhi juu ya kichanja penye paa. Ongeza mabua ya mahindi, maganda ya migunga, na mashudu kidogo kwa fedha ya dume uliyemuuza. Usimpe ng'ombe mwenye njaa mahindi au pumba nyingi kwa mara moja. Tumbo litachacha, anaweza kufa. Anza na kiasi kidogo na uongeze polepole. Chemsha maziwa kabla ya mtoto kunywa.

Hatua ya tano: pima mtoto. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apimwe mkono wa juu kwa utepe wa kliniki. Chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo. Chini ya 11.5 ni hatari, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbavu za ng'ombe na mkono wa mtoto ni habari moja. Ukiona la kwanza, usisubiri la pili.

6. MASWALI YA KUJADILI BOMANI

1. Ukame uliopita tulikuwa na mifugo mingapi, na ilibaki mingapi? Kati ya waliokufa, wangapi tungeweza kuwauza?
2. Nani hapa nyumbani anajua bei ya gunia la mahindi leo? Na bei ya dume?
3. Mifugo ikihama, mtoto mdogo kuliko wote atakunywa maziwa ya ng'ombe gani? Mtajeni kwa jina lake.
4. Alalili ya kijiji chetu ina mipaka? Nani anailinda?

Swali la tatu likikosa jibu, basi kazi haijaisha. Msilale kabla ya kulijibu.

Kumpeleka dume mnadani angali mnono kunauma, najua. Baba yangu aliniambia miaka mingi baadaye kwamba kilichomuuma zaidi ni kuchuna ngozi za wale madume 8 na kuuza ngozi. Mimi nipo ofisi ya mifugo ya kata. Njoo na daftari lako, tupitie kundi pamoja majani yangali mabichi.

Afisa Ugani wa Mifugo