Daftari la Mguu



Ulipokuwa kwenye kisomo, mwalimu alikwambia kwamba utaandika barua kwa mwanao aliye mjini, na utasoma mizani ili usipunjwe kwenye mazao. Leo tunaongeza kazi nyingine. Kalamu yako inaweza kumsaidia mtu mwenye matende.

Huku kwetu pwani matende na mabusha ni ugonjwa wa siku nyingi. Wazee walisema busha linaletwa na madafu. Hapana. Madafu hayana kosa, kunywa tu. Ugonjwa huu unaenezwa na mbu. Mbu anamuuma mtu mwenye vijidudu vya minyoo katika damu, kisha anamuuma mwingine na kumwachia. Minyoo hiyo ni myembamba kama uzi. Inaishi miaka mingi katika mirija ya majimaji ya mwili, na kuiharibu. Majimaji yakikosa njia, mguu unavimba. Si kurogwa.

Mwaka 2000 Serikali ilianza kugawa dawa za kuzuia ugonjwa huu, ikianzia kisiwa cha Mafia. Dawa hizo zinaua vijidudu vilivyo katika damu, ili mbu asipate cha kueneza. Jirani zetu Malawi walifika mbali: mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba kwao matende si tatizo la taifa tena. Busha nalo hupasuliwa hospitali. Lakini mguu uliokwisha vimba sana, dawa haiurudishi kama ulivyokuwa. Mwenyewe ataishi nao. Ataishi nao vipi? Hapo ndipo penye somo letu.

Katika darasa letu la Kiwangwa alikuwapo mama mmoja, mkulima wa mananasi. Kila masika alikosa darasa wiki nzima, mara mbili au tatu. Mimi niliandika "hayupo", na moyoni nilisema ni mvivu. Siku moja nikamwuliza. Akafunua mguu.

"Mwalimu, homa ya mguu hii haibishi hodi. Inakuja tu. Nalala siku tano, shamba linaota majani."

Nikamwambia, "Basi mama, tuiandike kila ikija."

Akanunua daftari. Aliandika hivi:

Tarehe 9 Aprili. Nimepalilia mananasi. Peku.
Tarehe 11 Aprili. Baridi, natetemeka. Mguu wa moto, mwekundu. Mtoki unauma.
Tarehe 12 Aprili. Nimelala.
Tarehe 15 Aprili. Nafuu.

Homa ya tatu ilipopita, alilisoma daftari mbele ya wenzake. Mwenzake mmoja, naye ana matende, akamkatiza: "Shoga, mbona kila mara umepalilia siku mbili kabla?" Mwenyewe hakuwa ameliona hilo. Wala mimi mwalimu sikuliona.

Basi tukautazama mguu vizuri. Palikuwa na michomo ya miiba ya mananasi, na kati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imepasuka kwa unyevu. Huo ndio mlango. Vijidudu vya uchafu vinaingia humo, na mguu wenye matende hauna nguvu ya kuvitoa. Homa inawaka. Na kila homa ikija, mguu unazidi kuwa mnene na mgumu. Kwa hiyo kuzuia homa ni kuzuia mguu usizidi.

Akaanza kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi yasiyo ya moto. Kila mkunjo, kila katikati ya vidole. Kisha anakausha taratibu kwa kitambaa safi. Kukausha ndiko watu wanakosahau! Michubuko anaipaka dawa aliyopewa zahanati. Akikaa anainua mguu juu ya kigoda, na anachezesha kifundo. Shambani anavaa viatu vipana vilivyofunika mguu. Masika yaliyofuata daftari lake lilikuwa na homa moja tu.

Mguu wenyewe bado ni mkubwa. Sitaki kukudanganya.

Sasa wako watano. Jumamosi wanakutana kwa mmoja wao, kila mtu na beseni lake, wanaosha na kusomeana madaftari. Asiyeandika upesi huchora mstari mmoja kwa kila siku ya homa. Wengine walikuwa hawatoki hata arusini kwa aibu. Pale wanafunua miguu na kucheka. Hata huko Haiti, katika mji wa Leogane, wagonjwa wa matende waliwahi kuunda vikundi vya namna hii.

Homa ikija, pumzika, kunywa maji mengi, weka kitambaa cha maji baridi mguuni. Mazoezi acha mpaka ipoe. Usikubali kuchanjwa kwa wembe, kwani utaongeza milango. Homa ikiwa kali, au usaha ukitoka, au mgonjwa akianza kuweweseka, nenda zahanati siku hiyohiyo, na daftari ulichukue. Mganga atajua mengi kwa kulisoma.

ZOEZI

1. Soma tena daftari la yule mama. Kutoka kupalilia mpaka homa zilipita siku ngapi?

2. Chukua uzi. Asubuhi, kabla hujafanya kazi, zungusha juu ya kifundo cha mguu wenye matende, ufunge fundo pale unapokutana. Uhifadhi katika daftari. Baada ya mwezi pima tena kwa uzi huohuo, asubuhi, mahali palepale. Andika tarehe na ulichoona.

3. Kama huna matende, mjue jirani aliye nayo. Mpelekee daftari na kalamu, mwandike pamoja ukurasa wa kwanza.