Kukompaili wxWidgets: Majibu kwa Barua Zenu

Wanaoniandikia wengi ni wanafunzi wa Kesses na Chepkoilel, na mafundi wachache wa hapa mjini Eldoret. Wote wanahangaika na wxWidgets, maktaba ya C++ ya kutengenezea programu za mezani, ambayo Julian Smart aliianzisha Edinburgh mwaka 1992. Namna ya kusakinisha Ubuntu siielezi hapa.

Swali: Nilikompaili kila kitu kwenye Ubuntu, nikaipeleka programu kwa flashi dukani kwa mteja mwenye Windows. Imekataa kufunguka. Si mlisema inakubali mifumo yote?

Jibu: Kinachokubali mifumo yote ni msimbo chanzo wako. Faili iliyotoka kwenye kompaila ni ya mfumo mmoja tu. Swali hili linanirudia kila mara, kwa hiyo nitalimaliza leo. wxWidgets haijichorei vitufe vyake. Huuachia mfumo uliopo uvichore: GTK kwenye Linux, Win32 kwenye Windows, Cocoa kwenye Mac. Unapoandika wxButton, nyuma ya jina hilo kuna misimbo mitatu tofauti, na unapokompaili unachaguliwa mmoja. Faili yako ya Ubuntu inahitaji GTK ya Linux, na hata kabla ya kufika huko, Windows haiutambui muundo wa faili yenyewe.

Nadhani chanzo cha kosa hili ni Java. Wengi wetu hapa tuliujua kwanza OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao wazo lake lilitokana na kazi ya AMPATH hapa hapa Eldoret mwaka 2004, ukaanza kutumika mwaka 2006. Umeandikwa kwa Java, na faili ileile huendeshwa kwenye seva ya Linux au ya Windows. Inawezekana kwa sababu katikati ipo mashine pepe ya Java, nayo ilikompailiwa kivyake kwa kila mfumo. C++ haina kitu hicho. Hata ndani ya Windows peke yake, maktaba ya C++ uliyoikompaili kwa Visual C++ haitaungana na programu ya MinGW. Kompaili upya palepale programu itakapotumika.

Swali: Kuna fundi anauza flashi yenye DLL zote zilizo tayari. Ninunue?

Jibu: Usinunue. Hujui amechomeka nini humo, naye hawezi kukuonyesha.

Swali: Configure inasema haioni GTK, na GTK ninayo.

Jibu: Unayo ya kuendeshea programu. Ya kukompailia ni libgtk-3-dev.

Swali: Programu inalalamika kwamba faili ya libwx haionekani.

Jibu: sudo ldconfig.

Barua za Langas, Huruma na Kapsabet nazijibu kwa pamoja: laptopu inaganda katikati ya kazi, au umeme unapotea. Mmeandika make -j bila namba, na hapo make hufungua kazi nyingi kadiri inavyoweza mpaka memori inajaa. Kwa mashine ya GB 4, andika make -j2, kisha uwe na subira. Umeme ukirudi, msifute folda nzima. Futeni faili ya .o iliyokuwa ikiandikwa mwisho, rudieni make, nayo itaendelea ilipoishia.

Swali: Nilipakua zip kutoka GitHub, bando likaisha, na folda ya 3rdparty ina folda tupu ndani.

Jibu: Zip hiyo haibebi moduli za nje kama libpng na zlib. Pakua kifurushi cha toleo rasmi, au, kama ulitumia git, endesha git submodule update --init.

Swali: Nitadaiwa leseni nikiuza programu yangu?

Jibu: Hapana. Leseni ya wxWidgets inakuruhusu kuuza bila kuutoa msimbo wako. Anayekudai pesa hizo ni tapeli.

Na tafadhali, acheni kunitumia picha ya mstari wa mwisho unaosema Error 2. Huo ni make ikitangaza kwamba imesimama tu. Kosa lenyewe liko juu, pengine mistari mia juu. Endesheni make tena bila -j, mtafute neno error la kwanza, mninakilie mistari kumi kuanzia hapo pamoja na faili ya config.log.